Fundi Asiyekuwa na wa Kumpima

Kiwanda chenyewe kilikuwa chumba kimoja kirefu, mabati juu, saruji chini, cherehani zimepangwa katikati kama watu wanaosubiri kuitwa kwa daktari. Mwenye mali alikiita Kampuni, na yeye mwenyewe akajiita Mkurugenzi Mtendaji. Alikuwa na mhuri, kiti kinachozunguka, na kadi za jina alizowagawia hata wauza karanga. Basi na sisi tumwite Mkurugenzi, hatupungukiwi na kitu.

Kampuni ilishona sare za shule. Kila mtu alikuwa na kiungo chake: huyu anaunga mikono, yule anapanga marinda, mwingine anatoboa matundu ya vifungo mpaka ndotoni. Majina waliyopewa na wazazi wao yaliachwa mlangoni pamoja na miavuli. Mkataji aliitwa Mkasi, mwanamume wa makamo mwenye ulimi mkali kuliko chombo chake. Mpiga pasi aliitwa Bi Pasi. Na mwanamke mrefu aliyekaa kwenye cherehani ya mwisho, kando ya rafu za majora, akishona kola kutoka asubuhi mpaka jioni, na msimu wa kufungua shule akiwapima na kuwashonea watoto walioletwa na wazazi, aliitwa Kola. Alikuwa ameshona kola nyingi kiasi kwamba akikutana na mtu barabarani alimtazama shingo kwanza. Uso ulifuata baadaye, kama muda ulibaki.

Mkurugenzi hakuwa na mazoea ya kutoa kitu, lakini mabaki ya vitambaa aliruhusu yachukuliwe. Hilo alilitaja katika kila kikao, chini ya kichwa cha habari Maslahi ya Wafanyakazi. Wengine walichukua mabaki wakafanya vitambaa vya kufutia meza. Kola aliyavaa. Alikuwa na blauzi ya samawati, sketi ya kijivu, gauni la kijani kibichi, gauni la damu ya mzee, na sweta lililorudishwa na shule moja kwa sababu nembo ilishonwa kichwa chini. Nguo zote zenye shingo zilikuwa na kola safi kabisa, na zote zilifungwa kwa vifungo vya mbele.

Mtaani watoto walipomwona waliacha kukimbia, wakanyooka, wakaficha walichokuwa wanakula. Kuna mama mmoja alimsimamisha sokoni akimdhani mwalimu, akamlalamikia kuhusu choo cha wavulana, kwamba hakina mlango tangu mvua za mwaka jana, je, mnataka tusemeje? Kola alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza maswali mawili matatu, akamwahidi kulifikisha. Hakuwa na pa kulifikisha, lakini yale yalikuwa mazungumzo marefu kuliko yote aliyoyafanya mwezi ule.

Usidhani alizaliwa hivyo. Ujanani, Kola alikuwa mtu ambaye kwenye harusi watu walichelewesha kula mpaka wamwone kavaa nini. Aliwahi kushona gauni lenye mgongo wazi likamfanya shemeji yake mmoja aache kwenda kwenye sherehe kwa miaka miwili, akidai anatafakari. Aliwahi kuvaa suruali pana kama mapazia mawili, na wasichana wa mtaa mzima wakaenda kuchana mapazia ya mama zao. Alikuwa anashona usiku, anavaa asubuhi, na mumewe ndiye aliyekuwa anampima. Mume hakujua lolote la ushonaji. Alishika futi kama anashika nyoka, akataja namba zisizokuwepo, na nusu ya muda alikuwa anampima sehemu ambazo hakuna nguo inazozihitaji. Lakini alipima.

Kisha akaondoka. Hakukuwa na ugomvi wa kusimulia, wala sahani iliyovunjika. Alihamia kwa mwanamke mwingine ambaye, kwa taarifa za waliomwona, hununua nguo zilizoshonwa tayari. Binti yao wa pekee alikua, akasoma, akapata kazi ya uuguzi nchi ya mbali, na Kola akabaki na chumba, jiko, kitanda, kabati, na mabaki ya Kampuni. Hakuna siku aliyoamua kuacha kupendeza. Alianza tu kuchagua nguo zinazofungwa mbele, kwa kuwa nyuma mkono haufiki, na mengine yakafuata.

Mambo yalivurugwa na kalenda.

Kila mwaka Mkurugenzi alichapisha kalenda ya kuwagawia walimu wakuu, yenye picha ya wafanyakazi wote wamesimama mbele ya rafu za majora, yeye katikati kwenye kile kiti chake kinachozunguka. Sasa jioni moja binti akaandika kwa simu: Mama nitumie picha yako, sina hata moja ya karibuni, wenzangu wananiuliza unafananaje. Kola alijaribu kujipiga mwenyewe. Ya kwanza ikatoka pua. Ya pili ikatoka dari na nyusi moja. Mtu wa kumpiga hakuwepo. Ikabidi apige picha ya kalenda iliyokuwa ukutani, akaituma, akakaa kitandani na simu mapajani kusubiri sifa.

Jibu likaja: Mama wote wamependeza! Ila wewe nimekutafuta sijakuona. Siku hiyo ulikuwa mgonjwa?

Kola akainuka kwenda ukutani. Alikuwepo. Mrefu, mstari wa nyuma, mahali pake pa kila mwaka. Ila siku ile alivaa ile blauzi ya samawati, na nyuma yake palikuwa na jora lilelile la samawati alilokatiwa mabaki. Mabega yalikuwa yameingia rafuni, mikono imeingia rafuni, kifua kimeingia rafuni. Kilichobaki ni kichwa, kimekaa juu ya jora kwa utulivu, kama kitu kilichosahauliwa na mteja.

Akamwandikia mwanawe: Ndiyo mwanangu, nilikuwa na mafua.

Halafu akaketi tena. Kalenda imekaa ukutani pale kutoka Januari, na yeye mwenyewe ameipita kila asubuhi, wala hakujiona. Mtoto aliyetoka tumboni mwake ametafuta, amemkosa. Picha ya mwaka unaofuata ilikuwa inapigwa mwisho wa mwezi. Kola akajiapia kwamba hiyo ataituma, na mtoto hatatafuta.

Alianza na kabati. Alitoa kila kitu akakitandaza kitandani, na kitanda kikaonekana kama mashindano ya michezo ya shule za tarafa nzima: kijani wanaongoza, kijivu wako nyuma kwa pointi mbili. Akajaribu moja moja mbele ya kioo, akitafuta yenye mtu ndani. Gauni la damu ya mzee lilimtoa matroni. Sketi ya kijivu ilimtoa mwalimu wa zamu aliyekosa mume. Zile za zamani, za enzi za mapazia, zilikuwa chini kabisa kwenye sanduku. Zilimgomea mapajani, akazikunja tena bila kuzilaumu, maana na yeye angekuwa zile angegoma.

Jumamosi akaenda duka la vitambaa. Muuzaji alikuwa mzee mchangamfu mwenye penseli sikioni.

"Karibu mama. Cha nani, cha watoto?"

"Changu mimi."

"Chako! Basi chukua hii." Akakunjua kijani tulivu.

"Hiyo ni shule ya msingi ya bondeni."

"Eh? Haya, hii zambarau."

"Sekondari ya wasichana. Wana tai ya kijivu."

"Njano?"

"Chekechea."

"Mama, bluu hii nzito, hii huvaliwa hata na mabalozi."

"Ufundi. Wanaivaa na buti."

Muuzaji akatoa penseli sikioni akaiweka mezani, dalili kwamba sasa vita ni vya mikono. "Niambie basi, unataka rangi gani?"

"Ambayo hakuna shule yenye akili timamu inaweza kuichagua."

Mzee akatoweka kwenye chumba cha nyuma. Zikasikika sauti za maboksi kuanguka, akarudi na vumbi kwenye nyusi na jora moja begani. Kitambaa kilikuwa rangi ya papai lililoiva kupita kiasi, na juu yake yametapakaa maua meusi makubwa kama sahani. "Hii," akasema, "ililetwa kwa makosa. Nimewahi kuuza mita moja tu, na yule mteja alirudi kuomba radhi."

Kola akakishika. Kilikuwa laini, kinateleza, kinaanguka vizuri kikiachwa. Akasema, "Nikatie."

Hapo sasa ndipo tunapoingia kwenye ubaya wa kazi hii, ambao wasioshona hawaujui. Kiuno mtu anajipima. Kifua anajipima, kwa kujidanganya kidogo. Nyonga anajipima kwa ujasiri. Lakini mgongo, kutoka bega mpaka bega, na kutoka shingo kushuka mpaka kiunoni, hapo lazima awepo mtu wa pili. Kola alikuwa amepima migongo ya watoto isiyo na idadi, wengine wanacheka, wengine wananuka machungwa, na wa kwake hakuwa na wa kumpimia. Alibana ncha ya futi kwenye mlango wa kabati, akajiegemeza, mlango ukafunguka. Aliing'ata kwa meno akaitupa nyuma kama mjeledi, ikamchapa. Angeweza kwenda kwa fundi mwingine, lakini fundi kupeleka kitambaa kwa fundi mwingine ni sawa na mganga kuonekana kwenye foleni ya hospitali. Akakadiria. Akasema moyoni, miaka yote hii, mikono yangu inajua.

Na kweli mikono ilijua. Tatizo ni ilichokuwa inakijua.

Sare ya shule haishonwi kumkaa mtoto. Inashonwa kumsubiri. Mzazi anakuja na mtoto mdogo, anasema, "Fundi, mwachie nafasi ya kukua," na fundi anaacha: pindo nene la kushusha mwakani, mabega yanapita kidogo, mikono inafika kwenye vidole, kiuno kinapumua. Kampuni nzima ilijengwa juu ya nafasi hiyo. Kola alikuwa ameiacha kwa mazoea miaka na miaka bila kufikiri, kama mtu anavyofumba macho akipiga chafya.

Jumapili akakata, akashona, akiimba. Alasiri akavaa, akasimama mbele ya kioo.

Mabega yalimwangukia kwenye mikono. Mikono ikamfunika mpaka kucha. Chini, pindo lilikuwa limekunjwa upana wa kiganja, zito, tayari kushushwa atakaporefuka. Na shingoni, bila yeye kukumbuka alivyoiweka, kulikuwa na kola. Nadhifu, imelala sawasawa, kola ya kwenda nayo gwaride. Alikuwa anafanana na mtoto siku ya kwanza ya shule mpya, shule ya wendawazimu wenye pesa.

Kwanza akacheka, peke yake, kwa sauti. Chumba hakikumsaidia kucheka, akanyamaza. Miaka hamsini na mbili, na mikono yake bado inamsubiri akue. Akue aende wapi? Alikaa na lile gauni kitandani mpaka giza likaingia bila kuwasha taa, mikono yake imezama ndani ya mikono ya nguo.

Jumatatu, saa ya chakula cha mchana, kiwanda kilimwagika nje kama kawaida. Alibaki Bi Pasi, ambaye hula palepale mezani kwake akisema kwamba joto la pasi linamwekea chakula moto bure. Bi Pasi alikuwa mnene, mwepesi, na mwenye sauti ya kuitia mtu aliye ng'ambo ya mto hata kama uko naye chumba kimoja. Yeye na Kola walifanya kazi wakiwa wamepeana migongo, hatua chache tu kati yao, tangu nywele za wote wawili zikiwa nyeusi. Walisalimiana kila asubuhi, wakaagana kila jioni. Nyumbani kwa mwenzake hakuna aliyepajua.

"Bi Pasi, una dakika?"

"Dakika ninazo. Kingine usiniulize."

"Nataka unipime."

"Nikupime nini, presha?"

"Mgongo."

Bi Pasi akaacha kutafuna. Akamtazama, akaitazama futi aliyonyooshewa, akafuta mikono kwenye kanga iliyokuwa kiunoni. "Mimi ni wa kunyoosha nguo, Kola. Kupima sijui."

"Nitakuelekeza. Ushike hapa, ushushe hapa, uniambie namba."

"Na nikikosea?"

"Nimeshakosea mwenyewe. Zamu yako."

"Haya geuka. Ukinichekesha nakuchoma."

Kola akageuka, akatazama ukuta. Mikono ya Bi Pasi ikamfika begani. Ilikuwa na joto, mikono iliyokuwa kazini kutwa nzima, na ikatua kwa uzito wake wote, bila adabu za kitabibu. Mtu wa mwisho kumgusa mgongo alikuwa daktari, na huyo alivaa glavu.

"Mbona umekauka hivyo?" Bi Pasi akanguruma. "Pumua! Umekaza kama umekamatwa na mali ya wizi."

"Napumua."

"Hupumui. Mgongo hauendi. Nikigeuka nauona mgongo huu kila siku, naujua." Akavuta futi kutoka bega hili mpaka lile, akasogeza kidole, akarudia. "Mama yangu, una mabega! Umeyaficha wapi muda wote?" Kisha akatangaza namba kwa sauti ambayo bila shaka iliwafikia waliokuwa wanakula nje, na Mkasi akajibu kutoka barabarani, "Mnada umefungwa! Mbuzi anaenda kwa nani?"

Kola alikuwa anacheka, kisha akawa hacheki tena. Machozi yalikuwa yanamshuka, na yeye ameukazia macho ukuta kama anausoma. Bi Pasi aliona mabega yakitikisika. Alipima mgongo ule mara ya pili, kisha ya tatu, taratibu, ingawa namba ilikuwa ileile.

Kesho yake, kabla halijafumuliwa, gauni likaja kujadiliwa kwenye meza ya pasi. Bi Pasi alilinyanyua mbele ya dirisha. "Hii kola toa."

"Nitaitoa."

"Na hivi vifungo vya mbele vya nini? Unakwenda kudunga watu sindano? Weka zipu nyuma, likukamate."

"Nyuma sifiki."

"Mimi nipo wapi? Asubuhi ya picha unakuja nalo kwenye mfuko, nakufunga hapahapa, kwisha."

Ikawa hivyo. Kola alifumua, akakata upya kwa namba za Bi Pasi, akapunguza pindo mpaka likabaki jembamba kama la mtu mzima ambaye hakuna wa kumsubiri. Shingo akaiacha wazi, umbo la mashua, ikishuka kidogo mgongoni. Asubuhi ya picha waliingia wote wawili nyuma ya pazia la stoo, na zipu ikapanda kwa mlio mmoja mrefu. Bi Pasi akarudi nyuma, akamzunguka mara mbili. Mwishowe akasema, "Nitangulie mimi. Wewe toka baada yangu, wasije wakaniona baada yako nikaaibika."

Kola akatoka. Wenzake walikuwa wanahangaika kujipanga, mpiga picha anapigana na miguu ya kamera yake. Mkurugenzi, ndani ya suti, alimwona mwanamke mrefu mwenye mabega, kavaa papai na maua, akamkimbilia akitabasamu kwa meno yote.

"Karibu sana madam, karibu Kampuni! Utatusamehe, kuna shughuli kidogo ya kiofisi. Wateja tunawapokea baada ya nusu saa. Hebu keti pale nje kwenye benchi, upate hewa." Akampa na kadi.

Unadhani alikataa? Miguu ilishazoea kutii sauti ile. Kola alitoka nje, akaketi kwenye benchi, kadi mkononi. Alikaa na mgongo wake wima, gauni limemkaa sawasawa, akisikiliza viti vinaburutwa ndani. Hakuna aliyeuliza nafasi ya nyuma kando ya rafu mbona tupu. Miaka yote ilikuwa inaonekana tupu.

"Wote wapo?" sauti ya mpiga picha.

"Wote!" sauti ya Mkurugenzi.

"Kola hayupo!" Bi Pasi akapaza. "Ngojeni, alikuwa nyuma yangu..."

"Bi Pasi, muda ni mali. Huyo mrefu hata akiwepo hatoki pichani. Piga."

Kola alisimama. Alisema baadaye kwamba hakuamua. Alikuwa amekaa, halafu alikuwa mlangoni.

"Usipige," akasema.

"Madam, nimekuomba..."

"Mimi ni Kola."

Hata cherehani moja mbovu inayojiendesha yenyewe ilitulia. Watu wakamtazama kuanzia chini kupanda juu, polepole, kama wanaosoma tangazo la serikali. Mkasi ndiye aliyevunja: "Lahaula! Kumbe una shingo!"

"Na kiuno!" mwingine akaongeza.

"Miaka yote hii tumekaa na mtu mzima humu ndani, tunadhani ni stoki!"

Kicheko kikalipuka, kizuri, cha watu waliogundua pesa kwenye koti la zamani. Mkurugenzi akarekebisha tai. "Nilimjua," akasema. "Nilikuwa nawapima umakini wenu. Haya Kola, panda nyuma, mahali pako."

"Nyuma siendi."

"Wewe ni mrefu, utawaziba wenzako."

"Basi nikae." Na akakaa, kwa kuwa kiti kilichokuwa wazi ni kimoja tu, kile cha katikati kinachozunguka, ambacho Mkurugenzi alikuwa amekiacha ili aje kumfukuza mteja. Kikazunguka naye kidogo, akakisimamisha kwa ncha ya kiatu. Mpiga picha, mtu wa kulipwa kwa picha na si kwa saa, akabonyeza.

Saa kumi picha ilikuwa kwenye simu ya Kola. Akaituma akiwa bado njiani, amesimama kando ya barabara, watu wanampita na kugeuka. Jibu lilikuja kabla hajafika kwake: MAMA!!! Nimekuona kabla picha haijafunguka vizuri. Umependeza jamani! Niko zamu, nikitoka nakupigia.

Aliingia chumbani na gauni lake. Akaisoma meseji amesimama. Akaisoma ameketi. Akajitazama kwenye kioo upande huu, upande ule, akanyoosha mkono kama anamkaribisha mtu kucheza, akaurudisha. Hakuna aliyepiga. Zamu za hospitali zinarefuka, kila mtu anajua. Jua likazama, akaona sasa avue, apike kitu.

Zipu ilikuwa nyuma.

Alipeleka mkono kwa juu, ukafika nyuma ya shingo. Akaupeleka kwa chini, ukafika kiunoni. Kati ya mikono hiyo miwili kulikuwa na pengo la shubiri moja, na zipu ilikuwa imekaa humo katikati, inamcheka. Alijaribu kwa mwiko. Alijaribu kufunga uzi kwenye pini, pini kwenye zipu, avute. Uzi ukakatika, na yeye alijua utakatika, ulikuwa uzi wa Mkurugenzi. Aliegemea kitasa cha mlango akajikuna kama ng'ombe. Aliwaza kumgongea jirani wa chumba cha pili, akafika mpaka mlangoni kwake, akasikia redio ndani na watu wanacheka pamoja, akarudi. Ungemwambia nini? Samahani, tunaishi ukuta mmoja mwaka wa sita, sijui jina lako, nivue nguo?

Akalala nalo. Alilala kifudifudi, mikono imenyooshwa kando, ili maua yasijikunje.

Asubuhi Bi Pasi alikuwa anawasha pasi aliposikia hatua, akageuka. Papai lilikuwa mbele yake tena, lina makunyanzi kila mahali.

"Wee! Umenogewa nalo! Umevaa tena leo?"

"Sijavaa tena."

"Kwani..." Bi Pasi akamtazama yale makunyanzi, kwa jicho la mtu anayejua makunyanzi yametokana na nini. "Umelala nalo?"

"Zipu."

Bi Pasi alicheka mpaka akashika meza. Alicheka, akajipiga paja, akataka kumwita Mkasi aje asikie. Kisha kicheko kikaanza kumpungukia kidogo kidogo, hadi akawa amesimama tu na mdomo wazi, anamtazama mwenzake. Akaizima pasi.

"Na mimi sikuliwaza," akasema, kwa sauti ndogo ambayo Kola hakujua kwamba anayo. "Nilifikiria kufunga tu."

"Hata mimi."

"Geuka nikufungulie."

Kola akageuka. Vidole vikashika zipu, vikaishusha kidogo, vikasita. "Ngoja. Nikikufungua sasa hivi utavaa nini?"

Kola hakuwa amebeba kitu.

"Basi kaa nalo." Zipu ikapanda tena. Bi Pasi akaiwasha tena pasi, akamnyoosha bega kwa kiganja, akabana kitambaa, akatafuta mahali pa kuanzia. "Simama hivyohivyo, niyaondoe haya makunyanzi kwa mvuke, usitikisike. Jioni tunatoka wote. Nakuja kwako, nakufungulia hukohuko. Una majani ya chai?"

"Ninayo. Ila kikombe ninacho kimoja."

"Nitakuja na changu."